The KLF, Altern-8 au LFO: nianze na nani?

besi_nzito
Wadau habari za usiku. Nasaka muziki wa dansi wa Uingereza wa mwanzoni mwa miaka ya 90, naona wengi walikuwa watu wawili tu studio, wanavuma mwaka mmoja miwili halafu kimya. Nimebaki na majina matatu, The KLF, Altern-8 na LFO. Bando langu dogo, nianze na nani?

kinanda_cha_zamani
KLF kaka. Bill Drummond na Jimmy Cauty walianza 1987, Januari 1991 wimbo wao 3 a.m. Eternal ukashika namba moja Uingereza, na mwisho wa mwaka huohuo wakamchukua Tammy Wynette, yule mama wa kantri wa Marekani, wakamwimbisha juu ya biti ya dansi mpaka namba mbili! Halafu Mei 1992, wako juu kabisa, wakasema basi, rekodi zao wakaziondoa sokoni. Zimerudi mtandaoni 2021.

mama_wawili
Na 1994 wakaenda kisiwa cha Jura kule Scotland wakachoma pauni milioni moja taslimu, hiyo inaniuma mpaka leo. Shida ni kwamba watu wanasimulia moto tu, muziki hawausikilizi. Mi nakwambia mdogo wangu anza na Altern-8. Mark Archer na Chris Peat wa Stafford, walikuwa tayari na kundi lao Nexus 21 linalofuata tekno, dansi ya mashine, ya Detroit kule Marekani, hili la pili likawa la kurusha watu kwenye reivu, zile sherehe za dansi za usiku kucha. Wanapanda jukwaani na nguo za kujikinga na sumu, barakoa usoni. Wimbo wao Activ 8 ulifika namba tatu 1991, na video yake waliipiga kwenye maegesho ya klabu ya Shelley's, Stoke-on-Trent, angalia zile nyuso za vijana uone furaha ilivyokuwa. Albamu moja tu, 1992, basi.

fundi_spika
Wote mmemruka LFO jamani. Mark Bell na Gez Varley, vijana wa Leeds, singo yao ya kwanza ilitoka lebo ya Warp ya Sheffield 1990 ikafika namba 12, na maneno hakuna, ni sauti ya roboti inataja herufi L, F, O. Mi miaka yote nilikuwa naisikia kwenye simu naona ya kawaida tu, siku nikaichomeka kwenye sabufa ya mteja niliyokuwa nimemaliza kuitengeneza, ile besi ilivyoingia glasi ya chai ikaanza kutembea yenyewe mezani. Simu haina uwezo wa kuitoa ile besi, ndo maana wengi wanaipita.

kinanda_cha_zamani
Ila LFO hawakuwa wa muda mfupi fundi, Varley alikaa mpaka 1996.

fundi_spika
Kweli, ila wakiwa wawili walitoa albamu mbili tu, Frequencies ya 1991 na Advance ya 1996. Bell akaendelea peke yake, 1997 yumo kwenye albamu ya Homogenic ya Björk, yule mwimbaji wa Iceland, akafariki 2014. Huyo mtu namheshimu sana.

besi_nzito
Nimeazima spika ya bajaji ya mdogo wangu nikaweka LFO. Mama katoka ndani kuuliza kama ni umeme una hitilafu. Nimerudia mara nne. Kesho Altern-8, KLF nasubiri waifai ya kazini.