Nimehamia Mombasa: nibadilishe namba ya simu au niiache?

BintiWaNakuru: Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nimehamia Kisauni kutoka Nakuru, ambako nilikuwa nikishona nguo, na namba yangu ya zamani ndiyo wanayoijua wateja wote na ndiyo ninayopokelea malipo ya M-Pesa. Kuna wanaoniambia kwamba mtu akihamia mji mwingine ni vyema aanze na namba mpya, na jambo hili limeninyima usingizi. Niibadilishe au niiache?

MzeeWaChangamwe: Binti yangu, namba zenye mji ni za simu za mezani, 041 ikiwa ya Mombasa na 020 ya Nairobi, ilhali ya mkononi haimwambii mtu unakoishi. Mimi nilipostaafu bandarini nilibaki na ile ile, na hadi leo wenzangu wa zamu ya usiku hunipigia kunijulisha nani amefariki. Kaa nayo.

MpishiWaMwembeTayari: Ukibadilisha utawapoteza wateja peke yao. Jamaa wa kukuomba nauli watakuwa na namba mpya kabla hujaiwekea vocha.

SautiYaLikoni: Mtu hakosi usingizi kwa swali jepesi namna hii. Dada, unamkimbia nani?

BintiWaNakuru: Simkimbii mtu. Laini mpya nimekwisha kuinunua na fundi ameiandika kwenye kibao cha duka, kwa hivyo sioni ubaya wowote. Ila ile ya zamani ilisajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji yangu, kwani wakati huo sikuwa nimepata changu, na tangu amwache dada yangu hatusemezani.

WakalaWaKongowea: Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Kwa kampuni ya simu, mwenye laini ni mwenye kitambulisho. Shemeji yako akienda kuomba laini mbadala, yako itazimika ukiwa umeishika mkononi, na salio pamoja na tarakimu za siri zinazotumwa na benki vitamfikia yeye. Kuipeleka kampuni nyingine pia hakutakufaa, kwa kuwa uhamishaji wa namba, ulioanza nchini mwaka 2011, unamtaka mwenye usajili, na akaunti ya M-Pesa haihami na namba.

UstadhaWaMajengo: Mwanangu, kutumia jina la mtu mliyegombana naye si uungwana. Aliyewahi kula nyumbani kwenu hageuki adui kwa sababu ya talaka, kwa hivyo mtafute kwanza, msemezane.

MdadisiWaNyali: Samahani, kisa hiki kina tundu. Anayetuma pesa huona jina la mwenye laini. Je, mteja wa gauni aone jina la mwanamume kila anapolipa, asiulize? Ama kisa kimetungwa, ama anayeandika ni shemeji mwenyewe anayetaka kujua jinsi ya kuichukua laini, na Wakala amekwisha kumfundisha.

MpishiWaMwembeTayari: Shemeji, karibu Mombasa, biriani ipo.

BintiWaNakuru: Waliuliza sana. Niliwajibu kwamba ni jina la mume wangu, wakanipongeza. Sijaolewa.

MdadisiWaNyali: Basi tuletee picha ya kitambulisho chako tuamini.

WakalaWaKongowea: Picha ya kitambulisho isiletwe hapa hata kidogo. Iwe kweli au uongo, jibu ni lile lile: toa salio lote leo, kisha ubadilishe namba kwenye benki, eCitizen ya huduma za serikali na SHA ya bima ya afya wakati ile ya zamani ingali hewani, kwani huenda wakataka kukuthibitisha kupitia hiyo hiyo. Usiitupe upesi, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Iache kwenye simu ipokee wateja tu.

BintiWaNakuru: Salio nimelitoa, benki nitakwenda kesho. Lakini akiichukua laini, wateja wangu wa Nakuru atawapa namba mpya?

UstadhaWaMajengo: Mpigie umwombe.

BintiWaNakuru: Sina namba yake. Alipohamia Eldoret aliibadilisha.