Chui na Popi wale bakuli moja? Tulinganishe: chakula cha mfuko, ugali na dagaa, au nyama mbichi

Mfugaji_Kibaha

Wakuu, salaam. Nina mbwa wawili na nimeshindwa kukata shauri, naomba tulinganishe pamoja.

Popi ni koko, jike wa miaka mitano, kilo 16, kazaliwa hapahapa Kibaha nyuma ya banda la kuku. Chui ni shepadi wa Kijerumani, dume, ana miezi minne na kilo 17 tayari. Popi amekula ugali wa dona na dagaa tangu aache ziwa, na ukimwona hutamdharau: manyoya yanang'aa, meno meupe. Aliyeniuzia Chui kanionya kwamba huyu ni mbwa wa Ulaya, nikimpa ugali namuua, nisitoke kwenye chakula cha mfuko. Jirani yangu anayefuga mbwa wa ulinzi anasema mfuko ni takataka, nimpe nyama mbichi na mifupa tu kwa sababu asili yake ni mbwa mwitu.

Nauliza kwa uchungu kidogo. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mbwa anaitwa Bahari. Nilinunua pumba za mahindi kwenye mashine moja, magunia mawili kwa bei ya kutupa. Zilikuwa na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu, nikasema zikichemka itaisha. Wiki ya pili Bahari akaanza kusukuma bakuli kwa pua bila kula. Siku ya tatu nilimfunua mdomo, fizi zilikuwa njano kama embe bivu. Hakumaliza wiki. Sitaki kukosea tena.

Shepadi_Damu

Mkuu, pole sana kwa Bahari.

Mimi nipo Moshi, shepadi wawili, mwaka wa tatu sasa nawalisha nyama mbichi. Shingo za kuku, vichwa, bandama, mapafu, kidogo maini. Nafuata machinjioni alfajiri kabla ya wauza supu. Nilianza na mfuko; ule wa kilo 15 wawili hawa walikuwa wanaumaliza kwa siku 18, na bado walikuwa wanajikuna usiku kucha. Tangu nihamie nyama, kujikuna kumeisha na kinyesi ni kidogo, kikavu, hakinuki. Hesabu yangu ni asilimia mbili na nusu ya uzito wa mbwa kwa siku, kwa hiyo wa kilo 32 anapata gramu 800.

Ugali kwa mbwa wa mbegu siukubali. Koko wamezoea, hawa hawajazoea.

MvuviMwanza

Hapa kwetu hakuna mjadala, mbwa anakula mapanki. Yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa kiwandani, kichwa na mgongo. Chemsha mpaka nyama iachie, chambua kwa mkono, toa miba yote, mchuzi wake songea ugali. Miba ya sangara ni mikali, nimeshaona mbwa akitokwa damu kooni.

Dagaa nao ni wazuri ila wana mchanga. Osha maji matatu. Ukimwaga maji ya kwanza kwenye karai jeupe utaona mwenyewe kilichobaki chini.

Dkt_Mifugo_Moro

Mfugaji, pole. Ulichoeleza kuhusu Bahari, fizi za njano na kukataa chakula baada ya pumba zenye harufu ya uvundo, kinafanana sana na sumukuvu. Nianze hapo, kwa sababu naona ndipo mbwa wetu wengi wanapofia, huku mabishano ya mbegu yakichukua nafasi yote.

Sumukuvu inatoka kwa ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mbegu za mafuta zikihifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mbwa ini lake ni jepesi kuumia kuliko la wanyama wengi tunaofuga. Kuchemsha hakuiondoi. Na sehemu inayobeba sumu nyingi zaidi ni ganda na kiini, yaani zile zile zinazokuwa pumba. Kwa hiyo gunia rahisi la pumba ndilo la hatari kuliko yote. Kama unampa mbwa nafaka, mpe ile unayokula wewe, mahindi yaliyokaushwa vizuri mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 13.5, yakapembuliwa yaliyovunjika na yenye rangi. Ukiwa na wasiwasi na mahindi, sembe ni salama kuliko dona, ingawa dona ina virutubisho zaidi.

Sasa hoja ya mbwa mwitu. Kwanza, si yule wetu mwenye mabaka wa hifadhi za Nyerere na Ruaha. Huyo ni ukoo mwingine kabisa. Babu wa mbwa wa nyumbani ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa mwitu huyo ana nakala mbili za jeni ya amilesi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja wanga, wakati mbwa wa nyumbani ana kati ya nne na thelathini. Mbwa aliishi na wakulima, akala makombo ya wakulima, mwili ukabadilika. Shepadi wako ni mtoto wa mbwa wa wachunga kondoo. Tayari katika karne ya kwanza Columella, mwandishi wa kilimo wa Roma, aliandika kuwa mbwa wapewe unga wa shayiri na maji ya maziwa yaliyoganda. Mbegu ya shepadi yenyewe iliandikishwa 1899. Nafaka ilimtangulia kwa mbali.

Kwa hiyo ugali hautamuua Chui. Ila uive. Wanga mbichi mbwa haumeng'enyi vizuri.

Kinachoweza kumharibu Chui ni kalsiamu, na hapa ndipo yeye na Popi wanapoachana. Nyama tupu ina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu. Mtoto wa mbwa akila minofu na maini bila mfupa, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, anapata matege, mfupa unavunjika akiruka ngazi. Watu wakishaogopa hilo wanamwaga unga wa mifupa kwenye bakuli, na huko nako ni kubaya, kwa sababu mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hawezi kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini. Kwa mbwa wadogo kosa hilo hupita. Kwa wanaokua haraka kama shepadi, Rottweiler na Boerboel, viungo vinakua vibaya na hakuna kurudi nyuma.

Ushauri wangu kwa Chui: mpaka afikishe mwaka, msingi uwe chakula cha mfuko kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wakubwa. Juu yake unaweza kuweka chakula freshi kisichozidi sehemu moja ya kumi: yai lililochemshwa, samaki bila miba, boga. Usiongeze kalsiamu yoyote. Mgawie mara tatu kwa siku, na akiwa mkubwa mara mbili, kamwe si mara moja. Shepadi ana kifua kirefu na tumbo lake linaweza kujaa hewa na kujipinda. Likijipinda una saa chache tu.

Akipita mwaka, unaweza kumhamisha. Mbwa wa kilo 30 aliyehasiwa anahitaji takribani kilokalori 1,400 kwa siku. Hiyo ni gramu 150 za unga kabla ya kusonga, gramu 400 za nyama za buchani zenye mafuta kiasi, gramu 30 za maini, gramu 30 za dagaa wakavu, kijiko cha mafuta ya kula, mchicha au boga, na kijiko kidogo cha unga wa maganda ya mayai. Ganda la yai moja lina kama gramu mbili za kalsiamu. Lioshe, likaange kavu, litwange liwe kama poda. Kitunguu, kitunguu saumu, zabibu na chokoleti visiguse sufuria hiyo. Mifupa iliyopikwa nayo hapana, inapasuka kama vioo.

Na ukiona Chui anakula sana lakini anakonda, kinyesi kingi, cheupe, chenye mafuta, usibadilishe chakula kila wiki. Mlete apimwe kongosho. Shepadi wana urithi wa ugonjwa huo.

Haski_Nairobi

Daktari asante, hiyo ya amilesi imenigusa kabisa. Mimi niko Nairobi na nina haski, jike, miaka minne. Nilivyomchukua, kila mtu aliniambia mbwa ni mbwa, mpe ugali na matumbo kama wengine. Alikuwa anaharisha kila wiki, kisha akaanza kubabuka ngozi kuzunguka macho na mdomo, magamba makavu, nywele zinatoka. Nikatumia sabuni za kila aina. Mwishowe daktari mmoja akanielezea kwamba haski wengine mwili wao haushiki zinki vizuri, na chakula chenye nafaka nyingi kinazidisha hiyo shida. Akampa vidonge vya zinki kwa kipimo chake. Baada ya wiki sita ngozi ikafunga.

Siku hizi anakula mgongo wazi (mapanki yenu) uliochambuliwa, omena (dagaa), nyama, na ugali kidogo tu, kama ngumi ya mtoto. Wenyeji wa Siberia walimlea haski kwa samaki na sili, hakukuwa na shamba la mahindi huko. Kwa hivyo mimi naona asili ina maana, lakini si kwa kila mbwa.

Dkt_Mifugo_Moro

Uko sahihi, dada. Haski na dingo wa Australia ni kati ya wale waliokutwa na nakala chache za jeni ile. Hapo historia ya ukoo inaonekana wazi kwenye bakuli. Zinki wengine wasinunue kwa kusikia tu, ikizidi ni sumu.

Boma_Narok

Mimi nawaomba mnaopenda nyama mbichi mnisikilize. Kwetu mbwa hurushiwa ini na mapafu ya kondoo palepale tunapochinja. Yale yenye vifuko vya maji, meupe kama yai lisilo na ganda, sisi hatuli, kwa hiyo ndiyo tuliyokuwa tunawapa mbwa. Dada yangu alivimba tumbo upande wa kulia mwaka mzima, tukadhani ni mengine. Alipopasuliwa, ini lake lilikuwa na vifuko vilevile.

Mbwa akila kifuko hicho, anaota minyoo midogo tumboni, anatoa mayai kwenye kinyesi, na mtoto anayecheza naye anayameza. Turkana na kwetu Umaasaini ugonjwa huu umetesa watu miaka mingi. Ukiona kifuko, usimrushie mbwa. Chimba shimo refu au choma. Na mbwa apewe dawa ya minyoo, prazikwanteli, kwa ratiba ya daktari.

Shepadi_Damu

Ndugu wa Narok, nimesoma mara mbili. Sikuwahi kuyapasua mapafu kuangalia ndani, nilikuwa natupia tu. Kuanzia kesho mapafu, maini na bandama vinachemshwa. Shingo za kuku mbichi sitaziacha, mbwa wangu wanazitafuna vizuri na wamenawiri, ila nitanawa mikono na kusugua bakuli kwa maji ya moto kila mara, maana nina mtoto anayetambaa.

Kuhusu ugali bado sijashawishika, daktari. Lakini Chui ni mtoto, na wangu nilianza kuwapa nyama wakiwa na mwaka na nusu. Mfugaji, usinifuate kwa huyo.

Madoa_Mombasa

Naingilia kidogo. Dalmatian wangu anapenda maini kupita kiasi, nampa kila siku. Juzi amechuchumaa bustanini kama dakika kumi, matone mawili tu.

Dkt_Mifugo_Moro

Mama, mpeleke leo, usisubiri kesho. Dume akizibwa mkojo ni dharura. Dalmatian wamerithi kasoro ya kushughulikia asidi ya yuriki, wanatengeneza mawe, na maini, figo na dagaa ndivyo vinavyoilisha shida hiyo. Akipona, protini yake iwe mayai na maziwa ya mtindi zaidi, na chakula kiwe na maji mengi.

Madoa_Mombasa

Tumerudi. Amewekewa mrija, mawe madogo kama mchanga yametoka. Mungu akubariki daktari. Maini nimeyagawa kwa jirani.

MvuviMwanza

Daktari, swali moja. Mifuko ile iliyoandikwa haina nafaka kabisa, bei yake juu, ina maana yoyote?

Dkt_Mifugo_Moro

Kwa mbwa asiye na mzio wa nafaka, sijaona faida yake. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza taarifa za mbwa waliopanuka moyo wakiwa wanakula vyakula vya aina hiyo, vingi vikiwa na njegere na dengu kwa wingi mahali pa nafaka. Pesa hiyo nunua mayai.

Mfugaji_Kibaha

Nimechelewa kurudi, wakuu, nilikuwa naangalia mambo nyumbani.

Nimeamua hivi. Chui anabaki na mfuko wa watoto wa mbwa wakubwa mpaka mwakani, na yai moja Jumatano na Jumapili. Popi anaendelea na sufuria yake, ila nimeibadilisha: dona imepungua, nimeongeza nyama za buchani na maini kidogo, nazichemsha zote. Maganda ya mayai natwanga kwenye kinu kidogo cha tangawizi cha mke wangu, kwa ruhusa yake. Dagaa nimeosha kwa karai jeupe kama alivyosema Mvuvi. Mchanga ulijaa kiganja. Miaka mitano Popi amekuwa akiumeza na hakulalamika.

Mahindi nimetoa yote kwenye gunia, nimeyaanika kwenye turubai. Tulikaa chini na wanangu tukipembua, tukapata nusu debe la punje zenye ukungu wa kijani. Mdogo wangu wa mwisho aliuliza kama tuwape kuku. Nikamwambia hapana, tukachimba shimo nyuma ya mwembe, pembeni ya alipolala Bahari.