Mjadala: Kompyuta zinazokataliwa na Windows 11, je, shule na ofisi zihamie Linux?

Mwalimu wa TEHAMA, Morogoro

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, haipokei prosesa za Intel za chini ya kizazi cha 8 isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Inataka pia TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo), UEFI (mtindo mpya wa kuwasha mashine) yenye Secure Boot, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Sasa ingieni kwenye maabara za shule zilizonunua mashine za mtumba: EliteBook 840 G3, Latitude E7470, ThinkPad T460, OptiPlex 3020. Zote zinawaka, zote zinafundishia, na zote ziko nje ya orodha.

Msimamo wangu ni kwamba shule na ofisi za umma zihamie Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, sasa, pesa ya mashine mpya iende kwenye madawati na umeme. Linux Mint 22, moja ya matoleo yake, inaanza na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayofanya kazi kwa raha. Inahitaji GB 20 za diski, LibreOffice (programu za ofisi za bure) imo tayari, na masasisho yake yanafika Aprili 2029. Wanaopinga naomba walete vifaa na hatua. "Watu hawajazoea" si hoja. Watu hawakuwa wamezoea Windows pia.

Fundi, Mwanza

Mwalimu, kabla hatujafika Linux, tutenganishe mashine zinazokataliwa kweli na zile zinazokataliwa kwa sababu ya mpangilio wa BIOS, programu ya kuwashia mashine. Hizo za pili ni nyingi.

Kwanza prosesa. Tarakimu ya mwanzo baada ya kistari ndiyo kizazi, au mbili kuanzia cha 10: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10310U ni cha 10. Jina la modeli halitoshi. ThinkPad T480 inahesabika kuwa mashine ya kizazi cha 8, lakini zipo T480 zenye i5-7200U, na hizo hazipiti. Mnunuzi wa mtumba asome namba ya prosesa yenyewe, asiridhike na kibandiko.

Pili TPM. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc. Ikisema haijaona TPM, ingia BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Kwenye Intel hutaikuta kwa jina la TPM kila mara, tafuta PTT. Kwenye AMD tafuta fTPM. Iwashe, hifadhi, rudi.

Tatu, fungua msinfo32 na utazame mstari wa "BIOS Mode". Ukisoma Legacy, maana yake Windows ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa kugawa diski, MBR, nao unageuzwa kuwa GPT inayotakiwa na UEFI. Hakuna haja ya kufuta kitu. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS

Hapa mambo matatu huharibika. Diski yenye sehemu kuu nne hukataliwa, kwa sababu amri hii inahitaji nafasi ya kuongeza sehemu ya EFI ya kuwashia, na muuzaji aliyekata diski kuwa C, D na E huku akiacha ya urejeshaji ndiye chanzo. Ukimaliza kugeuza bila kubadili BIOS kutoka Legacy kwenda UEFI, mashine haiwaki, na watu huenda kununua diski mpya bure. Na BitLocker, ufungaji wa diski kwa siri, ikiwa hai, isimamishe kwanza kwa manage-bde -protectors -disable C: la sivyo itadai ufunguo wa tarakimu 48 ambao ofisi nyingi hazijui uko wapi.

Fanyeni hivyo kwanza, ndipo tuhesabu ni ngapi zilizobaki nje.

Mhasibu, Nairobi

Hata baada ya hesabu hiyo, mimi napinga Linux kwenye dawati la uhasibu. QuickBooks ya Desktop na Tally ni programu za uhasibu za Windows. Kuziendesha kwa Wine, programu ya kuendeshea za Windows ndani ya Linux, ni kuweka vitabu vya kampuni juu ya kitu ambacho mtengenezaji wake atakataa kukusaidia siku leseni ikigoma. Fomu za kodi za iTax, mfumo wa mtandaoni wa kodi wa Kenya, nazo zinategemea makro (amri zilizomo ndani ya faili la Excel): unajaza, unabonyeza Validate, inakutengenezea faili la zip la kupakia. Makro za Excel haziendi kikamilifu ndani ya LibreOffice.

Ila nikubali kwamba kuhamia Windows 11 pia kuna machungu yake, na mengi hayatoki kwa Windows yenyewe. Kompyuta mpya huja na Office mpya, na Office mpya ni ya biti 64 usipochagua vingine. Hapo ndipo database za Access za miaka kumi na mitano hugoma na kusema msimbo lazima usasishwe kwa mifumo ya biti 64. Dawa ni kufungua VBA (msimbo wa ndani wa Access) na kuongeza PtrSafe baada ya kila Declare, na kubadili Long kuwa LongPtr pale tu inapobeba anwani ya kumbukumbu au kitambulisho cha dirisha. Ukibadili kila Long kiholela utaharibu miundo ya data. Kama aliyeandika msimbo hayupo tena, ondoa Office ya biti 64 na upakie ya biti 32. Windows 11 inaipokea bila shida.

ODBC, daraja kati ya programu na database, ni mtego wa ndugu huyohuyo. Programu ya biti 32 haioni DSN (jina la muunganisho) ya mfumo iliyoundwa upande wa biti 64. Fungua C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe uiunde huko. Jina linapotosha: folda ya SysWOW64 ndiyo yenye vitu vya biti 32.

Na fomu ya makro ikifunguka na utepe mwekundu unaosema makro zimezuiwa, usihangaike na mipangilio ya Excel. Funga faili, libofye kwa kitufe cha kulia, Properties, weka alama kwenye Unblock, kisha Apply. Kama lilikuja ndani ya zip, ondoa kizuizi kwenye zip kabla ya kulifungua, maana alama hiyo hurithiwa na kila kilichomo.

Msimamizi wa mtandao, Dodoma

Dada mhasibu, kuhusu iTax, ipo pia fomu ya ODS (muundo wa faili wa LibreOffice), ambayo ndiyo ya kujaribia kwenye LibreOffice. Kuijaribu ile ya Excel halafu kulaumu Linux si haki. Lakini kuhusu QuickBooks na Tally nakuunga mkono.

Mimi nina jambo lingine. Tukihamia Windows 11 ya 24H2, folda na diski za mtandaoni, zile zinazotumiwa na kompyuta nyingi ofisini, zinakatika, na fundi anahangaika na nyaya. Toleo hilo, kwa Pro na Enterprise, linadai sahihi (uthibitisho kwamba data haijabadilishwa njiani) kwenye kila muunganisho wa SMB, njia ya Windows ya kushirikiana mafaili, na linakataa kuingia kama mgeni bila nywila. Diski ya mtandaoni ya zamani inayofunguka bila nywila itagoma hapohapo. Tiba sahihi ni kuunda mtumiaji mwenye nywila kwenye diski hiyo na kusasisha programu yake ya ndani. Kama kifaa hakiwezi kutia sahihi kabisa, kuna amri ya PowerShell:

Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false

Iwe ya muda, kwenye mashine moja inayohamisha data, kisha uirudishe kuwa $true. Kuitumia ofisi nzima ni kuvunja ukuta kwa sababu mlango mmoja umekwama.

Mashine za fotokopi zinazotuma skani kwenye folda ni jambo tofauti. Nyingi za zamani zinajua SMB1 tu, toleo la kwanza la SMB, na Windows imeacha kuiweka yenyewe tangu toleo la 1709. Ndiyo maana skana ilifanya kazi miaka yote kwenye kompyuta iliyopandishwa toleo kwa toleo, kisha ikafa siku Windows ilipopigwa upya. Msiiwashe SMB1, ndiyo njia iliyopitiwa na virusi vya WannaCry mwaka 2017. Elekezeni skana itume kwa FTP au barua pepe.

Mwenye steshenari, Arusha

Mnaongea sana kuhusu masharti wakati Rufus, programu ya kutengeneza fleshi za kupigia Windows, inayaondoa. Unatengeneza fleshi, unaweka alama kwenye chaguo la kuondoa sharti la TPM na Secure Boot, unapiga Windows 11 kwenye kizazi cha 4 na kazi inaendelea. Na Linux mseme ukweli kuhusu printa: Canon LBP2900 ndiyo imejaa mitaani, na kwenye Linux ni mateso.

Fundi, Mwanza

Kaka, Rufus inafanya kazi, sikatai. Lakini 24H2 inahitaji maagizo ya SSE4.2 na POPCNT ndani ya prosesa, kwa hiyo Core 2 Duo haiwaki kabisa na hakuna fleshi itakayobadilisha hilo. Kwenye kizazi cha 4 hadi cha 7 itapiga, ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe. Utaliweka kwa mkono kwa ISO. Kompyuta moja ya dukani, sawa. Maabara ya kompyuta 40, hiyo ni kazi ya wiki nzima kila mwaka, na hakuna shule iliyoitengea bajeti.

Kwa printa una haki nusu. LBP2900 inatumia lugha ya CAPT ya Canon wenyewe, na draiva rasmi ya Linux ni ya zamani inayodai maktaba za biti 32. Shule inayotegemea hiyo iibakize kwenye mashine moja ya Windows. HP LaserJet P1102 watu husema haifanyi kazi, kumbe inasubiri programu-jalizi: andika hp-plugin kwenye terminali ukiwa na intaneti, ikubali leseni, izime na uiwashe printa. Nyingi za HP huingia kwa HPLIP, draiva za HP kwa Linux, bila kuguswa.

Dongle (vifaa vinavyochomekwa kufungua leseni) za programu za zamani ndizo zinazonitia hofu zaidi, huku Windows na huku Linux. Kwenye Windows 11 kuna ulinzi unaoitwa Memory integrity, na draiva ya dongle ya miaka ya 2010 huzuiwa nao. Nenda Windows Security, Device security, Core isolation details. Itakutajia draiva isiyopatana. Usizime ulinzi kwanza. Tafuta draiva mpya kwa mtengenezaji wa dongle, kisha ondoa ya zamani: pnputil /enum-drivers ikupe jina lake, mfano oem23.inf, halafu pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall. Ukiweka mpya juu ya mabaki ya zamani, zote mbili hugombana.

Mhasibu, Nairobi

Na programu za DOS, mfumo wa kabla ya Windows? Zipo ofisi zenye kumbukumbu za mishahara ndani ya FoxPro, programu ya database ya DOS.

Msimamizi wa mtandao, Dodoma

Windows 11 haina toleo la biti 32, na Windows ya biti 64 haijawahi kuendesha programu za biti 16 kama hizo. Hapo hakuna mpangilio wa kubadili. Iendesheni ndani ya DOSBox-X, programu inayoiga DOS, ambayo iko kwa Windows na kwa Linux pia, au ndani ya kompyuta pepe yenye Windows ya biti 32 iliyokatwa mtandao. Afadhali zaidi, toeni data. LibreOffice Base inasoma majedwali ya DBF, ndiyo mafaili ya FoxPro, na Calc inayafungua moja kwa moja. Angalieni sehemu za memo, maana maandishi yake hukaa kwenye faili la FPT la pembeni. Mkinakili DBF peke yake mtapoteza maelezo na hamtagundua leo.

Mwalimu wa TEHAMA, Morogoro

Nimewasikia, na narekebisha hoja. Dawati la uhasibu na mashine yenye dongle libaki Windows. Sikubali kwamba hilo liiburute maabara nzima. Mwanafunzi anayejifunza kuandika, jedwali, kivinjari na Python hahitaji chochote kati ya vilivyotajwa hapa. Na lugha tusiisahau: mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Tulishaanza kazi hii, tukaiacha njiani.

Fundi, Mwanza

Kwa maabara nakuunga mkono, Mwalimu. Ila ofisi isiyo tayari isikimbilie. Yapo masasisho ya nyongeza ya Windows 10. Kwa mtu binafsi yanafika 13 Oktoba 2026: dola 30, au bure ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine iwe na toleo la 22H2 na isiwe imeunganishwa kwenye domeni ya ofisi. Kwa kampuni ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, bei inaongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Kwa taasisi za elimu ni dola 1, kisha 2, kisha 4. Shule ambayo haijui kuhusu dola 1 ndiyo itakayouziwa kompyuta mpya.

Mhasibu, Nairobi

Basi na mimi niweke sharti langu. Kabla ya kugusa mashine yoyote ya hesabu, diski nzima inakiliwe kwa Clonezilla kwenye diski ya nje, kisha nakala hiyo irudishwe kwenye mashine nyingine kuthibitisha kwamba inawaka. Mashine ya zamani ikae pembeni na mpya kwa mwezi mzima, ripoti za pande zote mbili zilinganishwe shilingi kwa shilingi. Na nakala ile isifutwe mpaka hesabu za mwaka zifungwe na mkaguzi atie sahihi.