Kebo za pawa saplai zenye soksi za rangi: nianzie wapi? (niko Mtwara)

Shangani_PC
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuvalisha soksi (ganda la nyuzi linalofunika waya) kwenye waya za pawa saplai, nyeusi na bluu, zikae vizuri nyuma ya kioo cha kesi. Pawa saplai ni ya wati 650, kebo zake zote zinachomoka. Nahitaji kebo ya pini 24 ya maziabodi, ya pini 8 ya prosesa, na mbili za pini 8 za kadi ya picha.

Nitengeneze kebo nzima kuanzia kwenye pawa saplai, au za kuongezea tu? Hapa mjini nimeona waya wa gari wa milimita 1, na kamba za nailoni za wavuvi. Vinafaa? Na koleo la kubania pini niagize lipi? Vya Kariakoo vinaweza kuja na basi.

FundiLigula
Mkuu, anza na za kuongezea, yaani kebo fupi inayokaa kati ya kebo ya asili na maziabodi. Upande wa maziabodi mpangilio wa pini ni mmoja kwa kompyuta zote za kiwango cha ATX. Upande wa pawa saplai kila kiwanda kina mpangilio wake, na kiwanda kimoja huweza kuubadilisha toleo kwa toleo. Konekta inaingia bila shida, kumbe volti 12 imeangukia palipotakiwa volti 5, na ukiwasha tu maziabodi au diski imekwenda. Kebo ya kuongezea ni pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, hadi 24. Ukikosea, mita ya kupimia umeme inakuonyesha mapema.

Hesabu yako: maziabodi waya 23, maana tundu la 20 huachwa wazi siku hizi (zamani lilikuwa la volti hasi 5). Prosesa 8, kadi ya picha 16. Jumla 47. Kwa sentimita 30 kila mmoja ni mita 14 na kidogo, nunua 18. Pini jike 47 na dume 47, lakini chukua 60 za kila aina, za mwanzo lazima ziharibike.

Waya wa gari: umeme unabeba, shida ni unene wa ganda. Unaotakiwa ni geji 18, milimita za mraba 0.82, wa nyuzi nyingi, ganda lisizidi milimita 2.5 kwa nje. Zaidi ya hapo, ukishauvalisha soksi hauingii kwenye tundu. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene usiuguse kabisa. Kabla hujalipa, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukitokea weupe chini ya wekundu ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie mwenye duka. Mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, na huo ndio ningeuchagua kwa mji wa pwani kama wetu, kwa sababu hewa ya chumvi inaipaka shaba tupu ukijani pale ilipomenywa.

Kusi24
Naongezea kwenye koleo. Yale ya maduka ya spea za magari, ya vichwa vyekundu, bluu na njano, hayafai. Yanaponda pini ikawa bapa. Agiza lenye meno ya pini za wazi, kwa mfano la aina ya SN-28B.

Pini ina jozi mbili za mabawa: za mbele hushika shaba, za nyuma hushika ganda. Menya milimita 4 tu. Ukimenya ndefu, shaba inachungulia kwenye kisanduku ambamo pini dume inapita, haiingii mpaka mwisho. Ukimenya fupi, mabawa ya mbele yanauma plastiki. Hili ndilo baya zaidi, kwa sababu mita italia kama kawaida, halafu siku kadi ya picha ikivuta umeme mwingi, konekta inapata joto na kuyeyuka. Mbano mzuri ukiutazama kwa karibu, mabawa mawili yamejikunja na kuzama katikati ya shaba kama herufi B iliyolala. Kisha shika pini, vuta waya kwa nguvu ya mkono. Ukichomoka, kata uanze upya. Pini iliyopinda kama ndizi itupe, usiinyooshe.

Usichomee risasi badala ya kubana. Risasi hupanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu na kukatikia pale risasi inapoishia.

Mimi ningetumia geji 16, iliyo nene zaidi ya 18, kwa kadi ya picha.

FundiLigula
Geji 16 si lazima hapo, ndugu. Konekta ya pini 8 ni wati 150, sawa na ampea 12.5 kwenye waya tatu za volti 12, karibu ampea 4.2 kila mmoja. Geji 18 ina miliomu 21 kwa mita, kwa hiyo sentimita 30 zinapoteza kama milivolti 26 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kiwango kinaruhusu milivolti 600. Geji 16 itamnyima nafasi ya soksi tu.

Mikindani_Soksi
Kuhusu kamba za wavuvi: iliyosokotwa nyuzi tatu haina utumbo wa kuchomoa, kwa hiyo haiwi soksi. Inayofaa ni parakodi (kamba ya parachuti) ya milimita 4. Unavuta nyuzi za ndani zote, linabaki ganda tupu. Hakikisha ni nailoni: kata kipande, kikamue ndani ya maji hewa itoke. Nailoni inazama, polipropilini inaelea. Polipropilini ikigusa moto inadondoka matone kabla hujaibana.

Bana pini kwanza, kisha vuta soksi hadi kwenye mabawa ya nyuma, isipite hapo. Ikipita inaziba vile vijiulimi viwili vya pembeni vinavyoishikilia pini ndani ya konekta, na pini itarudi nyuma unapochomeka. Choma ncha ya soksi kwa sehemu ya bluu ya kiberiti cha gesi, sekunde moja, ubonyeze kwa vidole vilivyolowa. Zima feni na ufunge dirisha, upepo wa kusi ukiyumbisha moto unaunguza soksi katikati.

Shangani_PC
Asanteni sana wakuu. Mawili tu: kebo yangu ya asili ina waya mbili kwenye pini 13, nami nifanye hivyo? Na kwenye kona, mstari mmoja wa waya unatuna. Dawa yake?

FundiLigula
Ya pili ya pini 13 ni waya wa kupimia volti 3.3 unaorudi kwenye pawa saplai. Wewe weka mmoja.

Kona: mistari miwili ya konekta imeachana milimita 5.5, hivyo kwa kona ya digrii 90 mstari wa nje unahitaji kuzidi kwa milimita 9 hivi, na kebo ikigeuka nyuma kabisa, 17. Kata mistari kwa urefu tofauti tangu mwanzo, na uandike namba kwenye kipande cha selotepu kila ncha. Ukitazama konekta upande wa waya, kushoto na kulia vimegeuka ukilinganisha na mchoro wa upande wa mbele. Hapo ndipo wengi hukosea.

Ukimaliza, mita kwenye mlio: kila pini ilie na mwenzake. Graundi (waya za hasi) zote ni moja zikishachomekwa, kwa hiyo pima kebo ikiwa peke yake, na jirani zisilie. Kisha chomeka kwenye pawa saplai bila maziabodi, unganisha pini 16 na graundi yoyote kwa kipande cha waya, washa, upime: volti 12 iwe kati ya 11.40 na 12.60, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Kebo za prosesa na za kadi ya picha usizichanganye, hasi na chanya zake ziko kinyume. Zivalishe rangi tofauti.