Naombeni ushauri: watoto wa dada wameambiwa mama yao kasafiri kikazi, kumbe yuko kwenye mionzi

Mama_Mdogo_Mbeya (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Dada yangu mkubwa amegundulika na kansa ya shingo ya kizazi. Alianza kutokwa damu katikati ya mwezi, akadhani ni sindano za uzazi wa mpango, mpaka akakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa na majibu yakatoka. Amepewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa Dar. Madaktari wanasema haijafika mbali na wanamtibu ili apone. Anapigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, na mara moja kwa wiki anatundikiwa dripu ya dawa. Amefikia kwa binamu yetu Mbagala.

Watoto wake watatu ninao mimi. Wa kwanza binti wa miaka 13, wa pili wa kiume ana 8, kitinda mimba ana 5. Baba yao anaendesha lori kwenda Lubumbashi, akirudi analala kidogo anaondoka.

Siku dada anaondoka, wifi yetu mkubwa (shangazi wa watoto) aliwakusanya akawaambia mama kaenda Dar kikazi. Dada yangu ni fundi cherehani Mwanjelwa, kazi gani ya Dar? Mdogo alikubali. Wa katikati hakukubali, kwa sababu mwaka jana mama wa rafiki yake hapa mtaani naye "alisafiri", akarudishwa na gari la maiti. Sasa kila tukizima taa ananiuliza, "Mama mdogo, mama atarudi na gari gani?" Ameanza kukojoa kitandani, na dada akipiga simu anakimbilia nje. Binti hasemi kitu, ila kwenye simu yangu nimekuta ametafuta "kansa ya kizazi mtu anaishi muda gani". Kwa hiyo anajua.

Nikimwambia shangazi yao tuwaambie ukweli, anasema mtoto hana kifua, kesho mtaa mzima utajua, na huu ugonjwa watu wanasema ni wa wanawake wa kutangatanga. Dada nikimuuliza analia, anasema fanya unavyoona. Mimi ni mama yao mdogo, lakini kwetu watoto ni wa upande wa baba, siwezi kumruka wifi.

Naanzaje? Na nitaje neno kansa, au niseme anaumwa tumbo?

Parachichi_Rungwe

Pole sana dada. Naweka kambi hapa nisome, nyumbani kwetu kuna jambo linalofanana na hili.

BintiWaIlala

Baba yangu alikuwa na kansa ya ini. Sisi tuliambiwa ana vidonda vya tumbo, tukapelekwa Bagamoyo kwa bibi, eti likizo, katikati ya muhula! Nilikuwa darasa la sita. Niliondoka nimenuna, sikumuaga. Tukarudishwa siku ya mazishi.

Mama simlaumu, alikuwa anabeba mengi. Lakini wiki ile kabla hatujapelekwa kwa bibi nilikuwa nacheza kwa kelele na baba akatoka chumbani akatuomba tunyamaze. Nilikua nikiamini zile kelele ndizo zilizomuua. Hakuna aliyewahi kuniambia si kweli kwa sababu hakuna aliyejua nawaza hivyo.

Huyo wa miaka 8 hakuulizi habari za gari, dada. Keshajijibu, anasubiri umthibitishie.

Mzee_Kobazi

Naona mnamgeuza shangazi kuwa adui. Mke wa mdogo wangu alipougua, mtoto aliambiwa kila kitu kama mnavyotaka. Akamwambia mwalimu, mwalimu kwa nia njema akatangaza mchango mstarini. Yule mama hakuwa amewaambia hata ndugu zake. Alilia kuliko siku aliyopewa majibu.

Anayeumwa ndiye mwenye habari. "Fanya unavyoona" ya mtu anayelia si ruhusa. Muulize tena siku ametulia: watoto waambiwe nini, na nani, na nani mwingine ajue. Shangazi yao anaweza kuwa anamlinda wifi yake, si kuwaonea watoto.

Sista_Zamu

Mzee Kobazi yuko sahihi kuhusu ruhusa. Ila mwisho wa hoja yake usiwe kukaa kimya.

Mimi ni muuguzi, nimekaa na wagonjwa wa kansa muda mrefu. Mambo ya dawa mfuateni daktari wake, mimi naongelea watoto.

Taja kansa. Ukisema mama anaumwa tumbo, siku huyo mdogo akivimbiwa na maembe mabichi ataamini na yeye anapelekwa Dar. Wadogo wote wawili watoshelezwe na hivi: "Mama ana ugonjwa unaitwa kansa, uko ndani ya mwili chini ya tumbo. Yuko Dar anatibiwa kwa mashine na dawa. Zinamchosha, ndiyo maana hawezi kukaa na sisi sasa hivi." Kisha nyamaza usubiri swali. Usiwaeleze kwamba ni pale mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Niliwahi kumsikia mtoto akimuuliza bibi yake kama yeye ndiye aliyemchana mama wakati anatoka.

Hata wasipouliza, waambie hakuna walichofanya, kusema wala kuwaza kilichomletea mama kansa. Waambie haiambukizwi kwa kukumbatiana, kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Na waambie nani anawalea mpaka mama arudi. Mtoto wa miaka 5 anaweza kusikiliza habari nzima ya kansa halafu akauliza nani atamsuka Jumapili. Mjibu kwa jina la mtu.

Mionzi: sisi watu wazima tunasema "anachomwa", mtoto anaona moto. Mwambie mama analala kwenye kitanda, mashine inamzunguka, haigusi mwili, na kwa wakati ule haiumi. Akitoka pale hana mionzi ya kumpa mtu. Baadaye wengi wenye kansa hii hufanyiwa pia mionzi ya ndani, yaani kifaa huwekwa ndani ya mwili kwa muda, nacho hutolewa kabla hajaondoka. Anakumbatiwa kama kawaida.

Sasa nywele, maana najua majirani watawatisha watoto kwamba mama atarudi kipara. Mionzi hunyonyoa pale inapopiga tu. Na dawa inayotumika zaidi pamoja na mionzi kwa kansa hii, sisplatini, mara nyingi haimalizi nywele za kichwani. Dada aulize anapewa dawa gani kabla hamjawaandaa watoto kwa kitu ambacho huenda kisitokee. Watakachokiona kweli ni kukonda, kichefuchefu, kuharisha na kuchoka. Uchovu unaweza kuendelea wiki nyingi baada ya tiba kuisha. Hili watu hulisahau: mama anarudi, watoto wanategemea apike na ashone, anashinda kitandani, na wao wanaona wamedanganywa tena.

Akikuuliza "atakufa?", usiape upande wowote. "Wapo wanaokufa kwa kansa na wapo wanaopona. Ya mama haijafika mbali, madaktari wanamtibu ili apone. Kikibadilika chochote nitakwambia mimi, hutasikia kwa jirani." Halafu utimize hiyo ahadi hata siku mdomo utakapokuwa mzito.

Binti ongea naye peke yake, mkiwa mnafanya kazi, msitazamane usoni kama mahakamani. Mwambie umeona alichotafuta na hujakasirika. Na hapo ndipo pa kuyakata maneno ya kutangatanga. Karibu kansa zote za shingo ya kizazi zinatokana na virusi vya HPV, na watu wengi waliowahi kujamiiana hukutana navyo. Kwa wengi mwili huviondoa wenyewe. Mwanamke mwenye mume mmoja maisha yake yote anaweza kuipata. Chanjo yake hapa nchini ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa hiyo ulizia kituo cha afya au shuleni kama alichanjwa. Ana miaka 13, bado yumo. Mama mdogo na wewe kama umefika 30 nenda kapime shingo ya kizazi, kipimo cha kupakwa siki ni dakika chache.

Mti_Mkavu

[Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi]

Msimamizi

Matangazo ya mizizi ya kutibu kansa hayaruhusiwi kwenye uzi huu. Atakayefuatwa PM na mtu wa namna hiyo aripoti.

Sista_Zamu

Asante msimamizi. Na kama kuna ndugu ameshampa dada dawa ya kunywa ya kienyeji, asimfiche daktari. Sisplatini yenyewe ni nzito kwa figo, ndiyo maana wanampima damu na kumsisitizia maji.

Mwl_Ushirika

Nimefundisha msingi. Kisa cha mstarini alichosema Mzee Kobazi kinatokea sana, tunapenda michango bila kuuliza. Nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu wa darasa wa huyo wa miaka 8, mwambie kwa kifupi mama anaumwa na anatibiwa mbali, na useme wazi kwamba hutaki itangazwe. Mwombe akuambie mtoto akianza kusinzia, kupigana au kushindwa hesabu alizokuwa anaziweza. La kukojoa asiadhibiwe wala ndugu zake wasimcheke.

Na mtoto apewe jibu la kuwapa wenzake. "Mama anaumwa, anatibiwa Dar" linatosha. Mtoto mwenye jibu fupi hapati shida ya kubeba siri.

Binti naye angalia kazi unazompa. Wasichana wa umri huo mama akiugua wanageuka mama wa nyumba, shule inaisha kimyakimya.

Ustadh_Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Pole mamangu. Nasomesha madrasa, naongeza moja tu, na nadhani wa kanisani watanielewa pia. Msiwaambie watoto "ombeni sana mama apone" mkaishia hapo. Mtoto huchukua hilo kama mkataba. Mama akizidiwa, anahesabu ni siku gani alisinzia bila kuomba. Ombeni pamoja nao, mwombee mama nguvu na madaktari mikono mizuri, na mtoto ajue kwamba dua si mtihani anaoweza kufeli.

BintiWaIlala

Ustadh, hili lingenisaidia miaka ile.

Mama_Mdogo_Mbeya

Wakuu nimerudi. Nimesoma vyote, vingine mara mbili.

Niliongea na dada asubuhi kabla hajaenda hospitali, akiwa na nguvu. Kumbe hofu yake kubwa haikuwa watoto kujua, ilikuwa wifi kuamua nani ajue. Akasema anataka kusema yeye mwenyewe, kwa simu ya video. Nikaogopa kumpelekea wifi ujumbe huo, nikampitia mjomba wao mkubwa ambaye wifi anamheshimu. Mjomba akamwambia neno moja: watoto wakipoteza imani kwa shangazi yao leo, kesho akiwashauri jambo nani atamsikiliza? Wifi alinuna, lakini alikuja. Akakaa nasi sebuleni, na mimi nikashukuru kimoyomoyo.

Dada alisema karibu maneno ya Sista, kwa namna yake. Binti alilia. Mdogo akauliza kama kule mama anapewa soda. Wa katikati alikaa mlangoni akisikiliza, halafu akasogea akaomba aonyeshwe sindano ilipochomwa. Dada akamwonyesha mkono. Akauliza, "Kwa hiyo hukwenda kazini?" Dada akasema hapana, watu wazima tulikosea kukwambia vile. Wifi akainamisha kichwa ila hakubisha.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Kitanda bado kinalowa, na binti ananijibu mkato. Ila simu sasa wanagombania.

Swali la mwisho. Likizo ya Juni binti anataka kwenda Dar amwone mama. Baba yao amekubali kutoa nauli. Nimpeleke? Na nimruhusu aingie naye hospitali?

Mzee_Kobazi

Hongera kwa kumtumia mjomba. Hiyo ndiyo njia.

Sista_Zamu

Mpeleke kama dada ametaka, na umuulize dada ni siku gani za wiki anakuwa hoi zaidi. Wengi huchoka siku chache baada ya dripu, kwa hiyo msifike siku hizo. Kabla binti hajapanda basi mwonyeshe picha ya mama ya sasa, asikutane na kukonda ghafla mlangoni.

Hospitali si lazima. Mama anarudi Mbagala kila siku, na pale ndipo watakapokaa vizuri. Akitaka sana kuona, aende siku moja na mtu mzima mwingine wa kukaa naye nje, maana kwenye mabenchi atawaona wagonjwa walio na hali mbaya kuliko mama yake; mwambie hilo mapema. Chumba cha mashine hataingia wakati tiba inaendelea, anaingia mgonjwa peke yake. Dada awaulize mafundi wa mionzi kama binti anaweza kuchungulia mashine ikiwa imezimwa. Wakikataa, wamweleze kwa mdomo.

Na apewe nafasi ya kubadili mawazo hata akiwa getini.

Parachichi_Rungwe

Nimeupeleka uzi huu kwa kaka yangu. Sista, kwa kansa ya titi mambo ya nywele yanakuwaje?

Sista_Zamu

Hapo ni tofauti, dawa nyingi za titi zinanyonyoa kweli. Fungua uzi wako uandike na umri wa watoto, nitakuja.