Msaada wa masomo unakatika Mei, kodi ya nyumba haikatiki: vyuo vya jamii Marekani vinatuumiza majira ya joto

Ndugu wanajukwaa, hasa mlioko Marekani mnaosoma au kusomesha katika vyuo vya jamii (community college, vyuo vya umma vya miaka miwili),

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Kila mwaka mwezi wa Mei ukiisha, msaada wa fedha wa mwanafunzi mwenye kipato kidogo unakatika, ilhali kodi ya nyumba, bima ya gari na chakula vinaendelea kudai Juni, Julai na Agosti. Anayeumia zaidi ni mwanafunzi wa chuo cha jamii, kwa kuwa wengi wetu tuna kazi na watoto, na hatuna nyumba ya wazazi ya kurudi kukaa bure hadi muhula wa vuli ufunguliwe.

Kinachonikera ni kwamba sheria ya kutusaidia ipo. Ruzuku ya Pell ni fedha za serikali kuu kwa mwanafunzi mwenye kipato kidogo, ambazo si mkopo. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2008 itolewe mwaka mzima, yaani hadi majira ya joto, likaifuta mwaka 2011 kwa sababu ya gharama, kisha likairudisha mwaka 2017. Mwanafunzi aliyekwisha kutumia ruzuku yake yote katika mihula ya vuli na machipuko anaweza kuongezewa hadi nusu yake. Kiwango cha juu cha Pell kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kilikuwa dola 7,395, kwa hiyo nyongeza inaweza kukaribia dola 3,700, fedha ambazo kwa mtu anayekesha zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee zinatosha kumpunguzia zamu ili apate kusoma.

Lakini ili upate nyongeza hiyo lazima uwe umejiandikisha angalau nusu ya mzigo wa masomo, yaani krediti 6. Mimi nachukua masomo yanayotakiwa kabla ya kuomba nafasi ya uuguzi, na somo ninalolihitaji majira ya joto ni Anatomia na Fiziolojia sehemu ya pili, lenye krediti 4 pamoja na maabara, linalobanwa katika wiki 8. Ofisi ya misaada ya fedha ikanijibu kwamba krediti 4 hazitoshi, niongeze somo jingine. Nikauliza nichukue lipi, maana Pell hulipia masomo yaliyomo katika programu yangu tu, na yaliyobaki katika programu hayafundishwi majira ya joto. Mhudumu akanigeuzia skrini nijionee alama nyekundu, akasema mfumo haukubali, akamwita anayefuata.

Baadaye nikagundua kwamba njia halali ilikuwepo muda wote. Mwaka wa misaada ya serikali kuu huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo kipindi kinachoanza mapema Juni na kumalizika mwishoni mwa Julai kinakanyaga miaka miwili, na chuo kinaruhusiwa kukihesabu katika mwaka wowote kati ya hiyo miwili, tena kwa kumwangalia mwanafunzi mmoja mmoja. Kingehesabiwa katika mwaka mpya, krediti zangu 4 zingelipiwa kwa kiasi chake kutoka ruzuku ya kawaida ya mwaka huo, kwa sababu sharti la nusu ya mzigo linahusu nyongeza peke yake. Na nyongeza yenyewe ingenifaa muhula wa machipuko unaofuata, nitakapokuwa na mzigo kamili. Chuo changu kimejiamulia kwamba majira yote ya joto ni ya mwaka unaoisha, na hakuna hata mtu mmoja aliyenieleza kwamba huo ni uamuzi wao na si amri ya serikali.

Na hata anayeipata asisahau kwamba Pell ina ukomo wa maisha unaolingana na mihula 12 ya mzigo kamili, na ya majira ya joto huhesabiwa humo humo. Ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, ambao kisheria wanastahili ruzuku hii, mara nyingi huanza na madarasa ya Kiingereza, na yakilipiwa kwa Pell yanakula ukomo huo kabla hawajagusa somo la fani. Nani anawaambia haya siku wanapojaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu? Nimeona watu wakitia saini tu.

Ninachodai ni kwamba chuo kimhesabie kila mwanafunzi kipindi hicho katika mwaka unaomfaa, kiweke masomo ya krediti za kutosha majira ya joto kwa programu za afya, na kiandike kanuni hizi mahali zinapoonekana kabla ya usajili kufunguliwa. Bodi ya chuo hufanya vikao vya wazi ambapo mwananchi anaruhusiwa kusema, na nimeshaanza kuandaa barua ya kuwasomea. Yeyote ambaye chuo chake kilikubali kumhesabia majira ya joto katika mwaka mpya, tafadhali aandike hapa yuko jimbo gani na aliombaje, niambatanishe mifano hiyo.