Hivi huyu mzee alituona sisi mazuzu?

Juani_Olsen (mleta uzi):

Wakuu, huyu kocha wetu wa besiboli simtaji jina. Mnamjua. Texas nzima inamjua, hata mbwa wa jirani anamjua, maana nimelitukana hilo jina tangu jana mpaka mbwa wa watu kahamia uvunguni.

Jumatatu, tarehe 24 Juni 2024, tumepoteza fainali kule Omaha, mji wa mashindano ya mwisho ya vyuo. Sawa, michezo ndiyo ilivyo. Tennessee walikuwa mbele 6-1, tukawakimbiza mpaka 6-5, tukafia hapo. Mara ya kwanza chuo chetu cha Texas A&M kugusa fainali ya besiboli ya vyuo, tena tumefika bila Braden Montgomery, kijana aliyevunjika kifundo cha mguu akiteleza kuingia hom kwenye mechi ya Oregon. Mtu unafuta machozi, unajisemea mwakani.

Halafu kijana mmoja mwandishi anainua mkono, kwa adabu zake zote, anamuuliza bwana mkubwa kuhusu zile tetesi za kazi ya Austin, kwa mahasimu wetu Chuo Kikuu cha Texas. Bwana mkubwa AKAMFOKEA. Mbele ya kamera! Eti swali lako la ubinafsi. Eti yeye aliiacha familia kuja kwetu. Eti kazi ya A&M aliichukua ili asichukue tena kazi nyingine. Na ule uso, wakuu, mliuona ule uso? Utadhani kijana kamtukania mama.

Hiyo Jumatatu usiku. Jumanne kasaini Austin.

JUMANNE! Jezi yangu bado ina jasho la Jumatatu!

Angekwenda Alaska ningembebea mabegi mpaka uwanja wa ndege. Lakini Austin? Kwa wale wa rangi ya chungwa lililoungua? Mwezi ujao wanaingia SEC, ligi tuliyomo sisi, kwa hiyo tutakuwa tunamtazama pale kwenye benchi lao, kakunja mikono, anatafuna bigijii.

Sisi hatujazoea mambo haya. Tom Chandler alishika timu 1959 akaiacha 1984. Mark Johnson 1985 mpaka 2005, na ule mwaka wa 1989 alishinda 58 akapoteza 7 (LSU wakaja kututoa nyumbani kwetu, hilo tuliache lilivyo). Rob Childress 2006 mpaka 2021, katupeleka Omaha 2011 na 2017. Watu watatu miaka zaidi ya 60! Childress hakuongezewa mkataba na hatukusikia kamfokea mtoto wa mtu. Huyu wetu misimu mitatu tu, kisha anamwambia kijana swali la ubinafsi. La ubinafsi!! Sisi tunaoungua na jua pale Olsen Field, mrushaji wa wageni akishatoa boli nne, yaani mipira mibovu, tunamhesabia ya tano mpaka anatetemeka mkono, ndio wabinafsi?

Chura_FortWorth: Karibu msibani, vyombo viko jikoni. Kwenye chuo chetu cha TCU alikaa nasi kuanzia 2004, katupeleka Omaha mara 5, mwaka 2021 akaja kwenu. Siku ile mlipiga vigelegele. Kuna aliyekuja kutupa pole? Nakuuliza wewe mleta uzi.

Shangazi_Mkali: Mnamwonea bure baba wa watu. Alisema hatachukua kazi nyingine. Hakusema mpaka saa ngapi.

Juani_Olsen: Shangazi nakuheshimu, usinichokoze leo.

PembeNdefu78: Austin tunasalimia 😂 Kuanzia 1911, ukiacha miaka ya vita, sisi tumekuwa na makocha watano tu: Billy Disch, Bibb Falk (huyo ndiye aliyepewa nafasi ya nyota Shoeless Joe Jackson kule timu ya White Sox), Cliff Gustafson, Augie Garrido, David Pierce. Pierce tumeagana naye Jumatatu hiyohiyo ya fainali yenu. Makombe sita kabatini. Mkurugenzi wetu wa michezo na huyo mzee wanajuana tangu TCU, hapo hapakuwa na siri yoyote. Nyie mna makombe mangapi?

Juani_Olsen: Usinihamishe kwenye mada. Mimi naongelea mtu kumfokea kijana Jumatatu na kusaini Jumanne. Mambo ya kabati peleka kwa fundi seremala.

PembeNdefu78: Kwa hiyo sifuri.

Otis_Donholm: Wasee, hii besiboli si ni ile rounders tulikuwa tunacheza class four? Mzee mzima analia juu ya kocha wa rounders? Aki Diaspora mko na shida.

Chura_FortWorth: Kocha wa rounders anamzidi gavana wako mshahara, mwanangu.

Otis_Donholm: Hapo umenimaliza. Wanachukua makocha wapi? Niko na rungu tayari.

Babu_LA: Vijana mnababaishwa na hela. Kocha Rod Dedeaux pale chuo cha USC, huku Los Angeles, alikaa toka 1942 mpaka 1986, mataji 11, matano kati ya hayo mfululizo 1970 hadi 1974, na mshahara wake ulikuwa dola moja kwa mwaka kwa kuwa kampuni yake ya malori ilikuwa inamlisha. Mngempa huyo mzee wenu dola moja mngeona kama angekaa hata mpaka hiyo Jumanne.

PembeNdefu78: Babu, taji la mwisho la USC ni 1998. Hebu kanywe dawa ukalale.

Babu_LA: Huna adabu. Wazazi wako wanajua uko humu?

Mnyama_Damu: Mleta uzi pole, lakini hujaumia kama sisi. Januari 2021 tumempiga FC Platinum 4-0 kwa Mkapa, tumeingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, watu tumelala saa tisa kwa furaha. Kesho yake tunaambiwa kocha wetu Sven na Simba basi. Hata wiki ya pili haijafika tunamwona FAR Rabat ya Morocco anashika skafu. Kwenu amepoteza fainali ndipo akaondoka. Sisi katoka kwenye ushindi!

Juani_Olsen: Lakini Sven hakumfokea mwandishi...

Mwananchi_Og: Simba mna gundu la makocha. Kocha Nabi alitufikisha sisi Yanga fainali ya Shirikisho 2023 akaaga kistaarabu, tukamshukuru. Makundi mnayalilia mpaka leo?

Mnyama_Damu: Fainali tulicheza 1993 wewe hujatungiwa mimba.

Mwananchi_Og: Mkafungwa nyumbani na Stella Abidjan. Endelea.

Juani_Olsen: Jamani, taarifa. Leo tarehe 30 Michael Earley, aliyekuwa kocha wetu wa wapigaji, ndiye kapewa timu. Mnaonaje? Na yule kijana mwandishi, mimi bado naumia kwa ajili yake.

Otis_Donholm: Mleta uzi ako na shida gani na huyo mwandishi, ni shemeji yake?

Mnyama_Damu: @Mwananchi_Og na nyie USM Alger waliwafungia wapi? Si kwa Mkapa hapohapo, 2-1?

Mwananchi_Og: Tukaenda Algiers tukawapiga 1-0 kwao. Jumla 2-2. Bao la ugenini tu ndilo lilitunyima, na Ulaya sheria hiyo wameshaifuta.

Shangazi_Mkali: Ulaya ndiko mlikochezea?

Mwananchi_Og: Shangazi kumbe na wewe ni Simba. Nilijua tu.